Maini kwa Ajili ya Bi Oldroyd

Alhamisi, 5 Juni
Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi. Jirani yangu Crowther kampitisha tena mbwa wake wa aina ya spanieli dirishani kwangu, kifua mbele, utadhani kamzaa mwenyewe. Kaniuliza kama bado natafuta kambwa. Kambwa! Nitapata mtoto wa mbwa kumpita wake, tena kwa mfugaji bora: Bi Oldroyd. Nimezunguka maonyesho matatu ya mbwa kumchagua. Kumbe yeye ndiye anayechagua watu! Leo kanihoji kwenye simu kama naposa bintiye. Ua wangu una urefu gani? Nashinda nyumbani? Mwisho akasema atanijibu kwa barua. Kiburi hicho!

Ijumaa, 6 Juni
Nimepata dawa yake. Husema mbwa hakosei kumjua mtu mwema. Basi kesho kwenye maonyesho ya Harrogate mbwa wake atanipenda mbele ya macho yake. Nimechemsha maini nusu kilo. Yamejaa mifuko yote minne ya koti.

Jumamosi, 7 Juni
Mvua. Nilisimama kando ya ulingo, upepo ukitoka kwangu kwenda kwa mbwa. Bingwa wake, Clementine, alisimama wima, mwamuzi karibu kumpa ushindi. Mara pua ikacheza. Akamburura Bi Oldroyd topeni mpaka kwangu, akazamisha kichwa mfukoni. Mapenzi matupu! Nikapiga makofi. Mwamuzi akafoka kwamba kumvutia mbwa kutoka nje ya ulingo ni hila, akawatoa wote wawili. Miaka thelathini ya maonyesho, Bi Oldroyd hajawahi kutolewa. Akanigeukia, tope mpaka kidevuni: "Wewe mzee, hata kuku sikupi!" Mbele za watu! Shukrani ya punda ni mateke.

Jumanne, 10 Juni
Barua imefika. Kaiandika Ijumaa asubuhi. Alikuwa amenikubali! Jike, mweusi na mweupe, nikamchukue Jumapili. Nikampigia, nikamsomea barua yake neno kwa neno. Akasema mtoto huyo yuko kwa Crowther tangu jana. Nikaenda dirishani. Yupo, anatafuna kiatu cha Crowther. Nimelia jikoni, ndiyo, nimelia kwa hasira. Kosa ni la Bi Oldroyd. Nani hutuma habari kubwa hivi kwa stempu ya bei rahisi, ile ya barua za kuchelewa? Na maini niliyachemsha mno. Mjini Lincoln yuko mfugaji mwingine, na maonyesho ni Jumamosi hii. Safari hii ni figo, tena mbichi.