Mtukuru wa Koki

Kinyangiri, Jumatano, 14 Januari 2026
Majani shambani yamefika magotini. Yasipong'olewa wiki hii, mtama hatuna, na mwaka huu tutalala njaa. Nashukuru, majirani watakuja Jumamosi kutupalilia. Malipo ni pombe, kama kawaida. Mke wangu Dorika amepika mtukuru, pombe yetu ya kienyeji, kwa debe letu la mwisho la mtama. Mungu ambariki! Ila pombe yake haina gesi. Hata ya jirani yetu Urbano imepoa kama uji wa jana. Yangu itatoa povu. Tena itatoka kwenye koki!

Ijumaa, 16 Januari
Nimemuwahi Dorika. Pombe yote nimeimimina kwenye pipa la plastiki, nikatia sukari kilo mbili, nikakaza mfuniko kwa mpira wa baiskeli. Koki nimeing'oa kwenye ndoo ya kunawia. Dorika kasema pombe hupumua, na machicha yataziba koki. Nimemshukuru kwa ushauri. Nikaongeza mpira wa pili. Mchana pipa limevimba. Raha iliyoje!

Jumamosi, 17 Januari
Wamekuja watu kumi na wanane. Kata ya kwanza ya pombe ni ya mkubwa wa umri, kabla ya watu kushika jembe. Nikamwamkia Mzee Gaspari, nikafungua koki. Kimya. Machicha! Nikatikisa pipa. Dorika akapiga kelele niache. Nikatikisa tena.

Mfuniko uliruka juu ya bati. Pombe yote ikamshukia Mzee Gaspari, toka kofia hadi ndala. Akajilamba masharubu, akasema si mbaya, ila yeye amezoea kuinywa.

Watu wakaanza kubeba majembe yao warudi makwao. Dorika akakaa chini akalia. Nami nikalia, nakiri.

Urbano akaondoka. Akarudi na mitungi miwili kwenye mkokoteni, pombe aliyoipikia palizi yake ya Jumanne! Watu wakaingia shambani. Saa tisa kazi imekwisha. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili.

Jumapili, 18 Januari
Mtama umesimama wenyewe, safi. Sijawahi kushukuru hivi maishani. Dorika ameniomba nimfanyie Urbano wema mmoja tu: nisimkaribie mpaka Jumanne. Ana utani huyu mwanamke! Urbano amebakiwa na mitungi mitatu, yote wazi, gesi inapotea bure. Alipokwenda kanisani nimeingia kwake nikaifunika yote, nikaiziba kwa udongo wa kichuguu. Kosa langu lilikuwa mpira. Udongo haulegei.