Televisheni Kubwa ya Sebuleni

Mkurugenzi hakuwahi kuongoza kitu chochote, hata mbuzi, lakini jina hilo alijipa mwenyewe na watu wakalizoea. Siku alipowakuta wanafunzi watatu mgahawani wakibishania filamu yao fupi ya chuo, alikuwa na shida moja tu duniani. Mke wake alikuwa amerudi kwa mama yake, na mama mkwe ametoa sharti: ukija kumchukua, usije mikono mitupu tena. Lete televisheni, na iwe kubwa.

Wanafunzi nao walikuwa wanatafuta sebule yenye televisheni kubwa, ili mwizi aje aibe. Mkurugenzi akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Filamu nimefanya nyingi," alisema. "Nyingine siwezi hata kuzitaja."

Hapo alisema kweli, maana hazikuwapo.

Sebule ikapatikana kwa baba mmoja mwenye nyumba za kupangisha, aliyeambiwa kwamba nyumba ikionekana kwenye filamu, kodi inapanda yenyewe. Alitaka na yeye aonekane, hata mgongo. Akaahidiwa mgongo.

Siku ya kupanga picha, binti wa kamera, ambaye ndiye aliyekuwa akiwaongoza wenzake, aliuliza taa iwekwe wapi.

"Nje ya dirisha, ionekane kama jua," alisema Mkurugenzi. "Lakini angalieni hicho kioo cha televisheni. Kioo ni adui wa taa. Kitawaonyesha nyote mmejipanga na kamera yenu." Jambo hilo alikuwa amelijua dakika ileile, alipojiona kiooni akitabasamu.

"Na vifaa vya kuigizia?" aliuliza fundi wao, kijana mwenye rangi vidoleni.

"Uzito, mdogo wangu. Mtu akibeba boksi tupu, bega linamsaliti. Mtazamaji si mjinga."

Waliitikia kwa heshima. Hakuna aliyewahi kumsikiliza hivyo maishani, na roho ikamsuta kidogo kwa kutaka kuwaliza. Ikamsuta, ikachoka, ikaacha. Akatangaza kwamba mwigizaji wao hana mabega ya wizi, na kwamba atajitolea kuwa mwizi yeye mwenyewe. Atatoka na televisheni, ataipakia kwenye pikapu ya kukodi, na kamera itabaki mlangoni ikimtazama akiondoka.

"Mpaka kona tu," alisema binti.

"Mpaka kona," alisema Mkurugenzi.

Siku yenyewe alichelewa kufika, kama wakubwa wanavyochelewa. Wakamvalisha shati lililochanika la mwizi, na koti lake zuri, pochi ikiwa ndani, likatundikwa nyuma ya mlango. Televisheni aliikuta imeviringishwa shuka.

"Tumeifunika isirudishe mwanga, kama ulivyotufundisha," alisema fundi.

Mwenye nyumba alikuwa amesimama akiutazama ukuta, mgongo wote kwa kamera, hapumui. Alikuwa ameahidiwa mgongo na aliutoa mzima mzima.

Mkurugenzi akabeba. Mzigo ulikuwa mzito kweli, jasho likamtoka bila kuigiza. Nyuma yake alisikia binti akinong'ona kwa furaha, "Oneni hilo bega." Pikapu ikafika kona, ikakata kona, ikaendelea.

Kwa mama mkwe aliingia na lile shati la mwizi na tabasamu pana. Mke wake alikuwa kwenye kochi, amekunja mikono. Dereva alisimama mlangoni kusubiri nauli, na hapo Mkurugenzi akakumbuka koti.

"Ngoja kwanza waone mzigo," alimwambia, akafungua shuka.

Ilikuwa televisheni ya maboksi, imepakwa rangi nyeusi isiyong'aa, vitufe vimechorwa kwa ustadi mkubwa. Mama mkwe akaigonga, akaiinamisha. Kwa nyuma yakadondoka matofali mawili.

Simu ya Mkurugenzi ikaita. Kwa kuwa ilikuwa mbovu, haikusikika ila kwa spika, na chumba kizima kikasikia.

"Mkurugenzi, umetuua kwa uigizaji," alisema binti wa kamera. "Hata kona umeipita, kama mwizi kabisa. Shida ni kivuli chako, kilitangulia mlangoni. Rudi na boksi letu turudie. Koti lako lipo, na televisheni ya mzee mwenye nyumba tumeirudisha sebuleni, iko salama."

Mkurugenzi, aliyeishi kwa mdomo miaka yote, aliishusha simu. Alimtazama mke wake. Mke wake alikuwa anatazama matofali, na hakuwa anacheka. Hilo ndilo lililomuuma.

Mama mkwe akaichukua simu.

"Mwanangu, huwa mnarudia mara ngapi?"

"Mpaka itoke vizuri, mama."

"Basi kaeni naye hukohuko," alisema mama mkwe. "Sisi huku tumerudia miaka sita."