Cherehani ya Marehemu na Viwanda Vyangu vya Ng'ambo

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa mwenye viwanda! Mimi, fundi saa ambaye hajaletewa saa tangu mwezi uliopita. Nimejiunga na mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Unatoa pesa, unapewa vipande, mfuko unanunua hisa za kampuni za nje. Za sabuni, za biskuti, za dawa, mia moja na ushee. Zote zangu. Kwa sehemu ndogo, lakini zangu.

Pesa nimepata kwa kuuza cherehani ya marehemu mke wangu kwa muuza vitu chakavu. Alimwachia Binti, ni kweli. Na Binti anamaliza chuo cha ushonaji Ijumaa, na fundi wa barabara kuu amemwahidi kazi ya sare za shule, sharti aje na cherehani yake. Basi! Atakuta mpya, ya umeme. Dada wa ofisi ya mfuko alisema niwe na subira, miaka mitano au zaidi. Nilimwitikia kwa adabu. Hiyo ni miaka ya watu wazembe. Mimi nina siku nne.

Jumanne, 4 Machi

Bei ya kipande imeshuka. Siku ya kwanza tu ya utawala wangu! Nimekwenda duka la jirani kukagua biashara. Biskuti zetu ziko rafu ya chini, nyuma ya viberiti, zina vumbi. Nikaanza kuzipandisha. Mwenye duka akauliza nafanya nini. Nikamwambia mimi ni mmoja wa wenye kampuni. Akasema basi nikamiliki huko nje, nisimzibie wateja.

Jumatano, 5 Machi

Imeshuka tena. Tatizo ni mauzo, hakuna jingine. Nimenunua sabuni zetu kumi na mbili kwa hela ya mboga. Nimefua mapazia, nimefua kofia, nimefua hata mkoba wa vifaa vya saa. Mikono inawaka.

Shemeji amepita, yule kinyozi, kaka wa marehemu. Nimempa mche mmoja, nikamsihi aoge mara tatu kwa siku. Naye yumo katika mfuko huu huu, mwaka wa sita sasa. Nikamuuliza vipande vyake vimefikia bei gani. Eti hajui! Karatasi ziko sandukuni, hajazitazama tangu mwaka juzi. Nimemcheka mpaka mbavu zikauma. Kisha akauliza cherehani iko wapi. Nikasema imepelekwa kutiwa mafuta.

Alipoondoka nikabaki natazama alama nne za miguu ya cherehani sakafuni. Nimesukumia pipa la maji juu yake. Nimemkumbuka mke wangu, nimelia. Daftari ni langu, sina wa kumficha.

Alhamisi, 6 Machi

Imeporomoka! Nimekimbilia ofisini, nimeuza vipande vyote. Dada akasema pesa zitafika Jumatano. Nikamwambia Binti anarudi kesho. Akasema pole, mzee.

Jioni nimechungulia simu. Bei imepanda.

Ijumaa, 7 Machi

Binti amerudi na cheti chake. Amesogeza pipa kabla hata ya kukaa. Nikamweleza yote, viwanda, biskuti, soko. Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Aliuliza tu kama niliifungua droo ya cherehani kabla ya kuuza.

Sikuifungua. Ndani, akasema, kulikuwa na kidaftari ambamo mama yake alimwandikia vipimo kila mwaka, tangu gauni la kwanza. Miaka yote hiyo, nyumba moja, sikujua!

Tumekwenda kwa muuza vitu chakavu. Cherehani ilichukuliwa juzi na mtu wa mbali, kwa pikapu. Na kidaftari? Akakuna kichwa. Karatasi amewafungia wateja misumari. Binti alirudi akitembea mbele yangu, nami sikuthubutu kumwita.

Jumatano, 12 Machi

Pesa zimefika, pungufu. Sare amepewa mtu mwingine. Binti anashona vifungo kwa mkono pale kwa fundi wa barabara kuu, na analala kwa shangazi yake.

Shemeji amenitia aibu. Tangu Ijumaa ile, Binti alipomweleza, aliomba kuuza sehemu ya vipande vyake, ambavyo huko sandukuni vimekaribia kuwa mara mbili ya bei aliyonunulia. Leo amenijazia pengo ili ninunue cherehani nyingine. Akaniapisha. Nikaapa, na kwa moyo mmoja.

Nimefika dukani. Nimeiona, nimezungusha gurudumu lake, inakwenda vizuri sana. Ila bei ya vipande leo iko chini, na mwenye akili hununua vikiwa chini. Kosa langu lilikuwa siku tu. Niliingia Jumatatu. Leo ni Jumatano!

Nikitoka ofisi ya mfuko nimempitia Binti. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Nimemwambia cherehani inakuja Jumamosi. Akasema sawa, Baba, na hakuinua uso.