Rozari ya Mama Mkwe

Likasi, Jumanne, 4 Oktoba 1994
Adrienne bado yuko Kapolowe kwao. Nyumba bila mke, mateso! Ametuma neno: nimfurahishe mama yake, atarudi. Mama anataka rozari. Shanga ninazo. Uzi? Tangu maduka yaporwe, uzi ni wa kuota. Jirani Urbain anao wa kuvulia samaki. Anataka kwanza nikiri mbele ya watu kwamba amenishinda mchezo wa dame, ule wa kete. Jamais, kamwe!
Jikoni kumejaa buibui. Nimesokota nyuzi zao mpaka jioni. Rozari ndefu, inang'aa. Urbain atajua minye, mimi huyu, ni nani.

Alhamisi, 6 Oktoba
Sielewi. Nimeiacha karibu na sufuria ya bukari, ugali wetu, mvuke umeipiga. Nimerudi: fupi! Shanga zimebanana. Nimehesabu, zote ziko. Nimeivuta, imekauka, ndefu tena. Ah bon? Urbain alipita hapa akicheka. Ni yeye tu.

Jumapili, 9 Oktoba
Kapolowe. Rozari nimeipitisha kwa Adrienne, maana mkwe hamgusi mama mkwe hata mkono. Mama Berthe ameivaa shingoni. Amecheka! Adrienne amefunga mizigo!
Baada ya misa padri akanyunyizia rozari zote maji ya baraka. Padri mkarimu mno, mama amelowa chapa. Rozari ikaanza kupanda. Ikafika kidevuni! Mama anakohoa, anamwita Adrienne. Adrienne yuko nje na mizigo. Ningefanyaje? Nikamrukia mama mkwe, mikono miwili shingoni. Uzi haukatiki! Nikaung'ata mpaka ukakatika. Parokia nzima inaangalia. Mtu akapiga kelele kwamba ninamla mukwe wangu.
Mama ni mzima. Baba mkwe ameniambia nirudi peke yangu. Adrienne amefungua mizigo. Nimelia njia yote. Maji ya baraka yana ubaya gani na minye?

Jumatano, 12 Oktoba
Neno la Adrienne, kupitia dereva wa lori la makaa: nilete kuku mweupe wa kufuta haya, wazee watanisamehe, naye atarudi nami. Ameongeza nisilete kitu nilichotengeneza mwenyewe. Anaogopa bure. Nimeshagundua kosa! Buibui wa jikoni wamezoea moshi, maji yanawashtua. Wa chooni wamezoea unyevu.
Kuku ninaye, mnono. Nimemvalisha utepe wa uzi wa chooni shingoni, apendeze mbele ya wazee. Naondoka sasa hivi. Mvua imeanza, lakini si kitu.