Shikamoo Nikiwa na Plagi Mkononi

Leo nimefedheheka, na kulipopambazuka sikuwa na habari.

Shangazi wa mchumba wa dada Editha alikuwa anakuja kututazama. Akikataa yeye, ndoa hakuna. Mama alituonya mapema: "Leo mtu asinikosee adabu." (Alinitazama mimi. Mimi ambaye hata kusalimia naona haya.)

Saa nne Baba mdogo akataka kwenda kumchukua mgeni stendi ya Nyaishozi. Pikapu ikagoma. Mimi, kidato cha tatu, nikafungua mdomo: "Labda platini zimechafuka."

Baba mdogo akacheka mpaka akaegemea bampa. "Msomi wetu! Platini ni za magari ya zamani. Hii ni ya elektroniki."

Akanieleza. Zamani platini mbili ziligusana na kuachana. Zikiachana, umeme wa koili unakatika, plagi inatoa cheche. Siku hizi kuna kikasha kinachoukata umeme chenyewe. Hakuna kinachogusana. Nikajua basi cheche zake ni za upole. (Fizikia nilipata D.)

"Gusisha plagi hii kwenye chuma cha injini tuone cheche. Lakini shika mpira wa waya wake tu!" Akaingia kuwasha.

"Hodi hapa!"

Shangazi! Kachoka kungoja, kapakiwa baiskeli. Yuko nyuma yangu, mkono wa kulia ameshaunyoosha.

Wangu wa kulia una plagi. Nimpe wa kushoto? Mama anaona! Nikahamishia plagi kushoto (hapo ndipo niliposhika chuma badala ya mpira), nikapiga goti, nikampa mkono.

"Shikamoo, sha..."

Baba mdogo akapiga stata.

"Maawe!" Shangazi aliruka. Kilemba kikaenda upande wake, yeye akaenda kukaa kwenye beseni la ndizi zilizomenywa, na maji yake. Mimi nilikaa matopeni. Upole, hakuna.

Baba mdogo akachungulia nyuma ya boneti. "Vipi, umeiona cheche?"

Editha akaanza kulia.

Shangazi akainuliwa, akakamua gauni, akatutazama mmoja mmoja.

"Mtoto kashika umeme, na bado hanipi mkono wa kushoto," akasema. "Nyumba hii ina malezi. Editha tunamchukua."

Vigelegele!

"Ila huyu mdogo, siku ya harusi anisalimie kutoka mbali."

Daftari, ukicheka nawashia jiko kurasa zako.