Mji Wenu Uko Hapa Kwetu, Njooni Muuchukue

Saint-Josse, Brussels
Jumatano, tarehe 7 Novemba 2012

Kwa Papa Bourgmestre, meya wa mji wa Balifena, Ireland

Papa Bourgmestre,

Nakusalimu wewe, na maman wa nyumba yako, na watoto, na ng'ombe pia, maana nimeambiwa kwenu ng'ombe ni wengi kuliko wapiga kura. Mimi naitwa Mauwa, mjane, bibi wa wajukuu saba, nilizaliwa Likasi, nazeekea Saint-Josse. Shule sikuikanyaga hata siku moja. Anayeandika ni mjukuu wangu Keren, na nimemkataza kulainisha maneno. Akilainisha nitajua, kwa sababu barua itakuwa fupi.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ninayoweza kukasirika nayo vizuri. Usihangaike. Hospitali yenu haiwezi kukosa muuguzi kutoka Kenya. Mwite, mpe kiti, mpe chai, akusomee polepole.

Bon. Shida ni hii: mji wako umechukuliwa, na mimi najua ulipo. Uko kwenye barabara yetu, mlango wa tatu kutoka kwa kinyozi, na ndani yake wanauza bia.

Kwanza ujue nyumba hiyo ilikuwa ya nani. Ilikuwa atelier ya Maman Yolande, mshonaji. Miaka kumi na tisa alishona pale, na miaka kumi na tisa mimi nilikuwa na kiti changu dirishani, napinda pindo za vitenge na kuwaambia wateja ukweli kuhusu viuno vyao. Mwaka jana Yolande akaiachia nyumba bila kuniambia neno. Niliona mafundi wanaingiza mbao, nikaelewa. Jumapili ile, mlangoni mwa kanisa, mbele ya kwaya nzima, nikamwambia: "Yolande, umeuzisha kiti yangu, mimi niko juu yake." Akanijibu, na Keren anaandika kama lilivyotamkwa: "Kiti ni ya atelier, Mauwa. Yako ni matako tu."

Kwaya ilicheka. Niliapa palepale kwamba kinywa changu hakitasema naye tena. Yeye akahamia mtaa wa Forest kwa mwanawe Guylain, nusu saa tu kwa tram. Mimi nikabaki na kiapo changu.

Donc, malalamiko yangu ni haya.

1. Unga. Baa ilipofunguliwa niliona dirishani rafu za duka, makopo ya chai, sabuni za mche, pakiti za unga zimepangwa vizuri. Nikashukuru, nikaingia na kikapu. Nikashika pakiti moja, haikutoka. Nikavuta kwa mikono miwili, ikatoka nusu ya rafu. Zilikuwa zimegandishwa kwa gundi, na ndani ni hewa. Akaja mbio Bwana Otieno, Mkenya anayemimina bia pale, mtu mzima mwenye mke na kitambi, akasema: "Mama, please, hiyo ni decoration tu." Nikamuuliza hiyo decoration ni ya mahindi au ya muhogo.

Ndipo akanieleza. Kwamba duka lile lilikuwa duka kweli, kwenu Balifena. Likafungwa. Kisha likafungwa la fundi viatu, kisha posta, kisha la mshonaji, kwa sababu vijana walikwenda kutafuta kazi mbali na waliobaki walikwenda kununua vitu kwenye supermarket kubwa nje ya mji. Wakaja watu na lori, wakanunua rafu, milango na vibao, wakavipeleka nchi za watu kufanyia baa. Otieno alisimulia akicheka. Mimi sikucheka. Nilikaa juu ya pipa na kikapu changu kitupu, nikawahurumia watu nisiowajua hata sura.

2. Kiatu. Kuna benchi la fundi viatu, na juu yake jozi tatu na kiatu kimoja cha mtoto. Hicho cha mtoto kimetolewa soli, na soli mpya haijatiwa. Maana yake ni kwamba huko kwenu kuna mtoto aliyeambiwa arudi Jumamosi. Utasema amekwisha kukua. Sawa, amekua. Mtu mzima naye ana haki ya kuambiwa kiatu chake kimepatikana.

3. Posta. Papa, hili ndilo linaloniumiza. Ukutani kuna sanduku la kijani, la chuma, lenye mdomo. Mimi sisomi vibao, nasoma vitu, na sanduku la chuma lenye mdomo ni posta Likasi, ni posta Brussels, ni posta popote. Mwezi wa pili nilimwita Keren tumwandikie Yolande barua. Niliapa juu ya kinywa tu, na barua si kinywa. Nilimwomba msamaha. Keren, andika "kidogo". Nilimwomba msamaha kidogo. Tukabandika stempu, nikaitia mle, nikapiga ishara ya msalaba.

Nikangoja. Mwezi wa tatu, kimya. Pasaka, kimya. Kanisani Yolande ananitazama kama mtu anayesubiri kupewa kitu, na mimi namtazama kama mtu aliyekwisha kutoa. Miezi tisa, Papa Bourgmestre. Mimba nzima. Wiki iliyopita Otieno alinikuta nagonga sanduku kwa fimbo kuuliza habari za barua yangu, akashika kichwa. Hakuna mtu anayekuja kulifungua. Ufunguo ulibaki Ireland. Alijaribu kuichomoa barua kwa waya, ikachungulia kona moja, ikarudi ndani.

Nimeona watu wanauza nyumba na kusahau picha ukutani. Mji kuuza posta na kusahau ufunguo, hilo ni lenu peke yenu.

4. Cherehani. Dirishani, mahali pa kiti changu, wameweka cherehani nyeusi yenye kibao. Keren alinisomea: "Cherehani ya mshonaji wa barabara kuu, Balifena, mwaka 1931." Papa, nakuambia kwa adabu yote niliyonayo, huo ni uongo. Penye kidude cha kukazia uzi kuna nukta nyekundu za rangi ya kucha. Moja ya kitambaa chepesi, mbili za kitenge, tatu za jinzi. Nilizitia mimi, kwa kuwa tarakimu hazinijui nami sizijui. Yolande hakunicheka siku ile. Alinipa rangi yake mwenyewe, aliyoinunua kwa ajili ya harusi ya dada yake, akanishikia taa. Nukta zile ndizo shule yangu, na sasa wameipeleka Ireland bila kuniuliza.

Alors, nimefikiri kwa haki bila kumpendelea mtu. Kama cherehani ya Yolande ni ya Balifena, basi Yolande ni mshonaji wa Balifena. Kama Yolande ni wa Balifena, mimi niliyekaa kando yake miaka kumi na tisa ni wa wapi? Tena barua yangu imelala katika posta yenu miezi tisa, kwa hiyo mimi ni mteja wa serikali yako, na mvumilivu kuliko wote. Kila Alhamisi naingia mjini kwako bila pasipoti na hakuna polisi aliyenisimamisha. Na katika safari zote hizo, wewe sijakuona hata mara moja. Hilo nalo ni la kuangaliwa.

Kwa heshima basi naomba:

Kwanza, uje mwenyewe na ufunguo kabla ya Noeli.

Pili, uje na mwenye kiatu, hata kama sasa ana ndevu.

Tatu, upakie rafu, benchi, sanduku na milango, urudishe vyote mahali pake, na uwaambie watu wako wafungue maduka yao na wanunue humo. Najua supermarket ni rahisi. Lakini supermarket haitawaambia ukweli kuhusu viuno vyao.

Nne, kibao cha uongo ukivunje mbele yangu.

Na kama hayo yote yanakushinda, uniandikie karatasi yenye muhuri kwamba umbourgmestre umeniachia mimi. Nitauongoza mji nikiwa hapa hapa. Kila kitu kipo, kiti tu ndicho sina.

Nisalimie fundi viatu kama bado anapumua, na mama aliyekuwa posta. Mshonaji wa kweli wa barabara kuu mwambie cherehani yake sijaiona, ila ikipita hapa nitaijua na nitamwekea. Muuguzi mwambie asante, apumzishe koo. Keren anawasalimu, mkono umemchoka. Nawaombea mvua kidogo, nasikia ya kwenu imezidi.

Ni mimi, mama yenu wa Brussels,
Mauwa

(Hicho chekundu ni kidole gumba changu, kwa rangi ya kucha.)

P.S. Alhamisi. Papa Bourgmestre, usije.

Otieno, mdomo wake haukai, alimpigia Yolande simu kwamba cherehani yake imepata uraia. Leo amekuja kwa tram na kofia yake ya kanisani, tayari kumkunja patron, mwenye baa. Akaziona nukta, kofia akaivua. Akavuta kiti, akakiweka dirishani pale pale, akavuta cha pili akakikalia. Hakuniangalia. Akaninyoshea sindano na uzi: "Tia. Macho yangu imekwisha." Nikatia. Kinywa sikufungua, kiapo ni kiapo. Akaliambia dirisha: "Mwaka muzima niko nangoja muntu mumoja aseme pardon." Nikamrudishia sindano, nikakaa.

Mpaka jioni wanywaji wanne walikuwa wametuletea vifungo vilivyokatika, na mmoja nimemwambia ukweli kuhusu kiuno chake. Patron ametuomba tuje kila Alhamisi. Kibao kibaki. Yolande anasema ile 1931 inamzeesha, lakini barabara kuu inampendeza.

Kwa hiyo mji wenu utuachie, tunautumia. Na ufunguo ukiuona, utupe mtoni. Katika barua ile niliandika kwamba kosa lilikuwa langu. Sasa aliyeleta kiti ni yeye, donc kosa lilikuwa lake, na karatasi ya kusema vingine haifai kuonekana. Keren anauliza hii ya leo aitie posta gani. Nimemwambia aitie mle mle kwenye sanduku la kijani, iilalie ile nyingine vizuri, waya wa Otieno usiifikie.