Msemaji Hainuki Mkekani

Jumatatu, 3 Juni

Ushindi! Ushindi mtupu! Wazee wamekaa baada ya alasiri wakanichagua mimi, Faradji, muuza vipuri vya baiskeli, niwe msemaji wa familia Jumapili. Ndiyo siku wakwe wanatoka Kabambare kuja kumwomba Faida, binti wa marehemu kaka yangu. Nimemlea mimi. Nani mwingine angesema? Binamu yangu Mahamudu alidhani ni yeye. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeuma ndimu.

Kazi si mchezo. Kwetu msemaji hukaa mkekani, na hainuki mpaka neno liishe. Akiinuka katikati, familia imekataa. Hakuna samahani. Wageni wanafunga virago, binti anabaki.

Mahamudu, nyoka yule, akawakumbusha wazee kwamba nina tansio, damu yangu hupanda, na kwamba nilishaanguka sokoni mbele ya wateja. Mke wangu Malaika, badala ya kunitetea, akamuunga mkono! Kaweka sharti: Ijumaa Mama Cécilia, muuguzi wa kituo cha afya, anipime. Tansio ikiwa juu, anakaa Mahamudu.

Jambo ambalo Malaika halijui: vidonge simezi. Ni vile vya kutoa maji mwilini. Nikimeza asubuhi, kabla ya adhuhuri nimeshasalimiana na kila choo cha sokoni. Basi akinipa kidonge nakificha shavuni, napiga funda la maji, nasema alhamdulillahi, kisha nakitema dukani ndani ya kopo la maziwa. Siku nikijisikia vibaya sana nameza. Nikijisikia vizuri, cha nini?

Jumanne, 4 Juni

Mazoezi. Nimekaa juu ya gunia dukani asubuhi nzima bila kuinuka. Mteja alitaka mnyororo ulio juu ya rafu. Nimemwomba aje kesho. Jiwe! Mlima! Hakuna kidonge, hakuna choo. Hotuba inakua vizuri. Methali zimeshakuwa nyingi kuliko wageni.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata njia ya kumshinda Mama Cécilia! Jirani yetu Emilienne naye ana tansio. Ananiambia yeye humeza Jumapili tu, aende kanisani akiwa mzima; siku nyingine huipumzisha dawa isimzoee. Mama mwenye akili! Tena vidonge vyake ni vyekundu. Vyangu vyeupe. Hata mtoto anajua chekundu kina nguvu. Tumebadilishana kidogo kidogo, kama watu wanaobadilishana chumvi na mawese. Nimemeza chekundu kimoja. Choo hakikuniita kabisa. Nimeimba njia nzima.

Ijumaa, 7 Juni

Maafa.

Mama Cécilia alinifunga mkono, akapuliza, akatazama mashine. Akapuliza tena. Akanitazama mimi. Akauliza kama ninameza kila siku. Nikaapa kwamba katika vyote nilivyopewa, nyumbani hakijabaki hata kimoja, na hilo ni kweli, maana viko dukani. Akasema, “Papa Faradji, miye sitaki bongo. Hii tansio iko juu kama mti ya ngazi.” Yaani nisimdanganye, tansio imepanda kama mchikichi.

Na nani alikuwa mlangoni, kwa bahati tu? Mahamudu! Alikuwa anapita, anasema. Kanzu yake ya sherehe ameshaipeleka kwa dobi.

Nimeomba, nimebembeleza, nimemtaja marehemu kaka yangu. Mama Cécilia akalegea. Nimeze kimoja kila asubuhi, nirudi Jumapili kabla ya wageni. Ikishuka, nikae. Faida alinisubiri njiani. Anasema anataka nimsemee mimi, si mwingine, kwa sababu mimi ndiye baba aliyebaki. Machozi yalinitoka pale pale barabarani, mbele ya wenye pikipiki.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefikiri mpaka nimepata. Dawa ni kama mvua: iliyokosekana msimu mzima inaweza kunyesha siku moja na mto ukajaa. Kwa hiyo leo sijameza. Kesho alfajiri nitameza kopo lote kwa pamoja, vyeupe na vyekundu. Tansio itaporomoka! Wala hawatanigundua. Sijui kwa nini madaktari hawalifikirii jambo hili.

Jumapili, 9 Juni

Naandika nimelala. Wamenikataza kukaa.

Asubuhi ilianza vizuri mno. Nimemeza. Mama Cécilia amepima: imeshuka! Ameinua nyusi, ameniruhusu. Nimepita mbele ya Mahamudu kama chifu.

Wageni wamefika, nguo zao nyekundu kwa vumbi la Kabambare. Tumekaa mkekani. Nimeanza kusema. Methali ya kwanza, wakatikisa vichwa. Ya pili, wanawake wakapiga vigelegele. Ya tatu, maji yakaita.

Si kuita, kupiga kelele! Nikabana magoti. Nikaruka methali saba nikakabidhi neno kwao haraka. Kosa! Msemaji wao, Mzee Atumani, ni mtu asiye na haraka duniani. Alianza na babu wa babu yao, jinsi alivyovuka Lualaba pale Nyangwe, na mtumbwi ulikuwa wa nani, na nani alipiga kasia. Babu alikuwa hata hajafika katikati ya mto nilipoinuka.

Shangazi wa bwana arusi akalia, “Ule mutu anakatala! Baba ya bibi arusi anakatala!” Wakaanza kukusanya mizigo. Ndani ya nyumba nikasikia sauti ya Faida, sauti ambayo sijaisikia tangu siku tuliyomzika baba yake. Nilitaka kueleza. Giza likaja machoni. Nikaanguka chali, papo hapo mkekani. Na maji hayakuningoja.

Nasikia ni Mahamudu aliyesimama mbele ya wageni akawaambia kwamba nilinyanyuka bila kuondoka, kwa kuwa neno lilikuwa halijaisha nami tayari nimesharudi mkekani, tena kwa mwili mzima. Mzee Atumani aliupima mkeka kwa macho. Akakubali kwamba nimo. Wakabadilisha mkeka, akakaa Mahamudu, akamaliza kazi. Faida ameposwa. Nimelia kama mtoto, kwa furaha na kwa aibu, sijui ipi zaidi.

Jumatatu, 10 Juni

Mama Cécilia amekuja nyumbani. Anasema zile dawa kwa pamoja zingenipeleka makaburini. Kopo limepatikana. Malaika alilinusa, akaliweka kando ya kichwa changu, na hilo lilinitisha kuliko makaburi. Faida alikaa kitandani, akanipa kidonge kimoja, akaniambia, “Baba mudogo, fungua kinywa. Inua ulimi.” Nikainua. Nimeapa kwa jina la kaka yangu: kila siku, kimoja, mpaka kufa. Nimeelewa kila kitu!

Alhamisi, 20 Juni

Siku kubwa! Faida amekuwa akinimezesha kila asubuhi tangu siku ile, na leo Mama Cécilia amepima: safi kabisa! Hata yeye alipiga makofi. Kumbe choo nacho huzoeleka, sasa kinaniita mara chache tu, kwa adabu. Nilijisikia kijana. Faida alicheka, akanikumbatia, akasema sasa ataolewa kwa amani.

Na bado! Mama Cécilia ameniomba Jumamosi nije kituoni niwaambie wagonjwa wengine, wote wakaidi, jinsi nilivyoishusha tansio kwa kumeza dawa kila siku bila kuruka. Mimi, msemaji! Mahamudu hakuombwa! Nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Nimeshaanza kuandaa hotuba, na zile methali saba zote zitapata nafasi.

Itakuwa ndefu. Kwa hiyo kuanzia kesho, vidonge nasimamisha.